Kuipamba Nyumba Nyembamba ni Kazi ya Wawili



Wengi wenu mnaishi katika nyumba za kupanga mijini. Mlango ukifunguliwa, mgeni anaona sebule ndefu kama behewa la gari la moshi, jikoni pembeni, kisha korido inayokwenda kwenye chumba cha kulala. Dirisha ni moja, na nje ya dirisha ni ukuta wa jirani. Hatutaiita "nyumba ndogo", maana jina hilo limekwisha kuchafuliwa na waume wenye nyumba mbili. Tuiite nyumba nyembamba.

Katika nyumba ya namna hiyo kila kitu kinagusana na kingine, na kila mtu anajigonga na vyote. Ndiyo sababu leo tunazungumza juu ya viti, picha na makabati katika ukurasa huu wa ndoa.

Fikirini mume na mke hawa. Mume alikuwa na kiti cha mbao alichoachiwa na marehemu babake. Kilikuwa kizito, mkono wake mmoja umelegea, nacho kilikaa kwenye korido kwa kuwa hakikuwa na mahali pengine. Mke alijigonga nacho kila alipoamka usiku kumtazama mtoto. Alisema mara ya kwanza, akasema mara ya pili. Mume akajibu, "Mama watoto, nitakishughulikia." Miezi minane ikapita. Siku moja mume akiwa safarini, alipita mnunuzi wa vitu vikuukuu, na mke akakiuza. Mume aliporudi hakupiga kelele. Alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne walitoka pamoja kwenda kukitafuta sokoni, lakini hawakukiona tena.

Nani alikosa? Wote wawili. Mume alichukua kumbukumbu yake akaiweka njiani mwa mwenzake, akamwachia yeye maumivu ya magoti. Mke aliona mbao kuukuu tu, hakuuliza mwenzake anaona nini katika mbao zile. Fundi mmoja angeukaza ule mkono, akakipiga msasa na kukipaka nta. Kingewekwa karibu na dirisha, kikawa kitu kizuri kuliko vyote nyumbani mwao.

Somo letu basi ni hili: katika nyumba nyembamba, kitu kisiingie wala kutoka bila ninyi wawili kukubaliana, na kila kinachobaki kiwe na sababu ya kubaki.

Kwanza: Pimeni kabla ya kununua

Ugomvi mwingi wa nyumba nyembamba huanzia dukani, wakati macho yanapopenda kitu ambacho sebule haiwezi kukibeba. Chukueni futi ya fundi, mmoja ashike mwanzo na mwingine ashike mwisho. Tuseme sebule yenu ina upana wa sentimeta 275. Kochi la kawaida huchukua karibu sentimeta 90 kutoka ukutani. Mkiweka makochi mawili yakitazamana, mmebakiwa na sentimeta 95. Wekeni meza ya kati yenye upana wa sentimeta 50, na kila upande mtakuwa na sentimeta 22 na nusu tu za kupitisha miguu. Hapo mgeni hakai bila kumwomba mwingine asimame!

Njia ya kupita ndani ya nyumba ihitaji sentimeta 75 hivi, wala msiiguse. Afadhali kochi moja ukutani na viti viwili vyepesi vinavyoweza kuhamishwa. Kiti chenye miguu mirefu inayoonyesha sakafu chini yake hufanya chumba kionekane kipana kuliko kochi lililojaa mpaka chini. Badala ya meza kubwa ya kati, vigoda viwili au vitatu vya kienyeji vinatosha. Mgeni akija ni meza za chai, watoto wakija ni viti, na jioni vinasukumwa chini ya dirisha.

Pili: Kila mmoja ataje vitatu

Ketini jioni moja, watoto wakiwa wamelala. Kila mmoja ataje vitu vitatu ambavyo hataki vitoke katika nyumba hii, na aeleze kwa nini. Mwenzake asikilize bila kukata maneno. Huenda mama akataja cherehani ya mkono ya mamake, vile vitambaa vya kochi alivyofuma akiwa mchumba, na picha ya arusi. Huenda baba akataja redio kuukuu ya mbao, kibuyu cha babu na kiti. Usiseme, "Hicho nacho ni nini?" Uliza, "Kilikuwa cha nani?"

Vitu hivyo sita ndivyo vitakavyopewa mahali pa heshima. Vingine vyote vinaweza kujadiliwa. Cherehani ya zamani yenye miguu ya chuma, mashine ikikunjwa ndani, ni meza nyembamba inayofaa sana chini ya dirisha. Sanduku la bati la shule ya bweni, likipakwa rangi, ni mahali pa kuweka blanketi na pia ni benchi. Vitambaa vya kufuma havilazimiki kufunika kila kochi na kila kabati. Kimoja kilicho kizuri kikitiwa katika fremu yenye kioo, juu ya kitambaa cha rangi nzito, kila mgeni ataona kazi ya mikono iliyokifuma.

Tatu: Vya kale vinunuliwe kwa macho mawili mawili

Ya kale ni dhahabu, lakini si kila kikuukuu ni cha kale. Mkienda Gikomba au kwenye soko lolote la vitu vilivyotumika, nendeni pamoja, na pesa mliyokubaliana iwe mfukoni mwa mmoja wenu. Kagueni mambo haya:

Pinduani kiti au kabati. Mkiona vitundu vidogo na ungaunga mpya wa mbao chini yake, wadudu bado wanakula. Kiacheni.

Tazameni katika maungio na mishono kwa ajili ya kunguni. Madoa madogo meusi ndiyo alama yao. Kiti kilichoshonewa kitambaa ni cha kuogopwa zaidi kuliko cha mbao tupu. Vitambaa na mapazia ya mitumba yafuliwe kwa maji ya moto kabla hayajaingia chumbani.

Kitikiseni. Mguu uliolegea hutengenezeka kwa gundi na kibano. Mbao iliyooza haitengenezeki.

Rangi kuukuu inayobambuka ni hatari. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto mdogo. Msiipige msasa mkavu ndani ya nyumba. Kama kuna watoto, chagueni mbao zisizopakwa rangi.

Kabati refu likifika nyumbani lifungwe ukutani kwa skrubu, maana mtoto hupanda droo kama ngazi. Kwa mbao kavu iliyosafishwa, kitambaa na nta kidogo ya nyuki vinatosha kuirudishia mng'ao. Kazi hiyo ni ya Jumamosi moja, na mnaweza kuifanya pamoja mkizungumza.

Nne: Ukuta ndio shamba lenu

Sakafu ikiwa haba, ukuta upo. Lakini ukuta nao hujazwa mpaka ukachosha: kalenda za miaka mitatu, saa mbili, maua ya plastiki na vyeti. Ondoeni vyote kwa wiki moja, kisha rudisheni vile mlivyovikosa.

Kuta ndefu mbili zipakwe rangi nyeupe au ya maziwa. Ukuta mfupi wa mwisho unaweza kupewa rangi nzito kidogo, kama ya udongo wa chungu, nao utaonekana umesogea karibu. Urefu ule wa behewa utapungua. Hapo mwisho ndipo pa kutundika picha yenu kubwa kuliko zote. Kioo cha zamani kiwekwe mahali kinapopokea nuru ya dirisha. Kikitazama sufuria chafu, mtakuwa na sufuria mara mbili. Fimbo ya pazia ifungwe karibu na dari, si juu ya dirisha tu, na chumba kitaonekana kirefu kwenda juu.

Picha itundikwe katikati yake ikiwa kama sentimeta 145 hadi 150 kutoka sakafuni, yaani mbele ya macho ya mtu aliyesimama. Ikiwa iko juu ya kochi, iachwe sentimeta 15 hadi 20 juu ya egemeo. Picha ndogo zikusanywe pamoja kama jamaa, zikiachana sentimeta tano hivi. Kwenye korido tundikeni vitu bapa tu. Na kabla ya kutoboa ukuta, mwulizeni mwenye nyumba. Akikataa, ubao mwembamba juu ya kabati utabeba picha zikiegemea.

Mtapata wapi sanaa? Iko karibu kuliko mnavyodhani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia mbao laini za mraba na rangi ya mafuta inayong'aa. Alifariki mwaka 1972, lakini wachoraji wengi wameufuata mtindo wake mpaka leo. Michoro ile ya ndege na wanyama mingi ni midogo, nayo huchangamsha ukuta usiopata jua. Uchongaji wa Wakamba, kama inavyosimuliwa, ulipanuka baada ya Mutisya Munge wa Wamunyu kurudi kutoka Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akiwa amejifunza kwa wachongaji wa huko. Kutoka Tabaka, Kisii, hutoka vinyago vya mawe laini. Hivyo ni vizito, viwekwe rafu ya chini. Kiondo kutoka soko la Kariokor hupamba, tena huficha vichezeo vya watoto.

Kanga nzuri ikinyoshwa juu ya fremu ya mbao ni picha kamili kwa gharama ndogo. Ila someni jina lake kwanza! Msije mkatundika fumbo la kumchoma jirani, na kesho mama mkwe aje kukaa chini yake.

Picha za wazee msizianike juani, maana nuru huzifuta. Mpelekeeni mpiga picha atoe nakala. Nakala itundikwe, na ile ya asili ihifadhiwe katika bahasha pakavu. Na msalaba mliopewa siku ya arusi upewe mahali pake pa pekee, usisongamane na kalenda ya duka.

Tano: Visivyopaswa kuingia

Kuna vitu vya kale ambavyo havifai kuwa pambo. Pembe ya ndovu, hata kipande kidogo cha zamani, msiinunue: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 humtia hatiani mtu anayekaa nayo bila kibali. Kigango cha Wamijikenda nacho ni nguzo ya kumkumbuka marehemu, nayo husimamishwa na jamaa zake. Vingi viliibwa huko pwani vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, Marekani, lilirudisha Kenya vigango 37. Kitu kilichomliza mwenzio hakiwezi kuipamba sebule yako.

Mkumbuke pia kwamba kitu hakiwi halali nyumbani kwa sababu tu kilikuwa cha bei rahisi. Mume anayeficha bei ya redio, na mke anayeficha bei ya kabati, wameleta nyumbani siri, na siri huchukua nafasi kubwa kuliko kabati.

Zoezi la wiki hii

Siku ya kwanza, pimeni sebule na korido, mwandike upana kwenye karatasi. Siku ya pili, kila mmoja ataje vitu vyake vitatu. Siku ya tatu, chagueni kitu kimoja cha zamani mlicho nacho tayari na mkubaliane ni siku gani kitatengenezwa, na ni nani atakayekipeleka kwa fundi. Andikeni tarehe. "Nitakishughulikia" bila tarehe ndiyo iliyokiuza kile kiti.

Kisha ulizaneni maswali haya, kila mmoja akijibu kwa zamu:

1. Ni kitu gani cha mwenzangu ambacho sijawahi kuuliza kilitoka wapi?

2. Ni kitu gani changu kinachomsumbua mwenzangu, nami nimekaa kimya kwa kuwa ni changu?

3. Mtoto wetu akikua, tungependa akumbuke kitu gani cha nyumba hii?

Wale wawili tuliowataja, kiti chao hakikurudi. Lakini mke alikumbuka kwamba katika picha moja ya zamani mzee ameketi juu ya kiti kile, ameweka kofia gotini. Walitoa nakala, wakaitia fremu, wakaitundika mwisho wa korido, pale pale alipokuwa akijigonga. Njia sasa ni nyeupe. Mume akipita usiku hugusa fremu kwa kidole. Mke naye amejifunza jina la fundi aliyekichonga kiti, kwa sababu safari hii aliuliza.