Kabla ya kusaga dona, kagua punje

Mahindi yameanza kuingia nyumbani. Kuanzia Kongwa hadi Kiteto nyua zimejaa magunzi, na malori yanapakia soko la Kibaigwa. Ndugu mkulima, gunia la kuuza utalizungumza na mnunuzi. Leo nataka tulitazame gunia utakalobakiza, lile la watoto wako.

Tumewahimiza sana akina mama wasage dona, na tulisema kweli. Kiini cha punje ndicho chenye mafuta na protini bora, na ganda lina nyuzinyuzi. Mashine ya kukoboa huviondoa na kukuachia zaidi wanga. Lakini kuna jambo ambalo naona hatujalisisitiza vya kutosha: sumukuvu nayo hukaa zaidi humo humo, kwenye kiini na ganda. Kwa hiyo anayesaga dona anahitaji mahindi safi kuliko anayekula sembe.

Dodoma na Manyara hatujasahau mwaka 2016, watu walipougua ini kwa sumu hii na wengine tukawazika. Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125. Yalikuwa mahindi ya kulima wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Na sumu hii haiishi kwa kusonga ugali wala kwa kuchemsha uji.

Wengi wetu hung'ata punje, ikilia tunasema imekauka. Meno hayatoshi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi uliyoianika juani kwanza, maana chumvi yenye unyevu itakudanganya. Funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, na hapo bado hujafika: kiwango cha Afrika Mashariki ni usiozidi asilimia 13.5. Mimi huongeza siku mbili za jua kali, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo.

Kisha kaa na ungo. Ondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na dumuzi, na zile zenye ukungu wa kijani-manjano. Mara nyingi hizo chache ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Jicho halimalizi kazi, kwani punje nzuri inaweza kuwa nayo. Mwenye mzigo mkubwa apime maabara, ambako kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo. Karanga za uji wa mtoto zichambue hivyo hivyo, iliyosinyaa usiionee huruma.

Tafadhali, mabaya hayo usiwape kuku, wala usiyapeleke kwenye pombe. Ng'ombe akiyala, sumu hupita hadi kwenye maziwa, nayo maziwa anakunywa mtoto yule yule uliyetaka kumlinda. Yafukie.

Yaliyobaki safi weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ubane hewa itoke, ufunge kila tabaka peke yake. Mfuko huo unaua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini haukaushi kitu. Kama chupa bado inashika chumvi, usifunge.