Hesabu Isiyotaja Ardhi

1. Matunda na mti

Mtu mwenye michikichi kumi huchuma matunda, hukamua mawese na kuyauza sokoni. Michikichi inabaki, nayo itazaa tena. Lakini akiiangusha yote ili apate pombe ya kuuza, mwaka ule atapokea franka nyingi kuliko jirani zake, na mwaka wa pili atakosa hata mafuta ya chakula. Ikiwa ameandika kitabuni franka tu, bila kuandika miti iliyoanguka, hesabu yake itamwita tajiri siku ile ile anapoanza kuwa maskini.

2. Hesabu ya mataifa

Mataifa nayo yana hesabu yao, iitwayo pato la taifa. Ndiyo jumla ya thamani ya vitu vilivyotengenezwa na kazi zilizofanywa kwa malipo katika mwaka mmoja. Mawe yanayochimbwa na kuuzwa ng'ambo huandikwa humo kuwa pato. Ardhi iliyoharibika haipunguzwi. Mwaka 1934 Simon Kuznets, mtaalamu wa uchumi, alipoieleza Seneti ya Marekani hesabu hiyo, alionya kwamba haitoshi kupima hali njema ya watu.

3. Kisiwa cha Nauru

Katika bahari ya Pasifiki kimo kisiwa kidogo, Nauru, chenye kilometa za mraba 21 tu. Katikati yake palikuwa na fosfati, yaani mawe ambayo hutengenezwa mbolea. Wageni walianza kuyachimba mwanzoni mwa karne ya ishirini. Meli ziliyapeleka hasa Australia na New Zealand, na mashamba ya huko yakastawi.

Mwaka 1968 Nauru ilipata uhuru, kisha wenyeji wenyewe wakashika kazi ya machimbo. Katika miaka ya 1970 pato la kila mtu lilihesabiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Wakati huo huo udongo ulikuwa ukiondoka. Karibu sehemu nne katika tano za kisiwa ziligeuka nguzo za mawe makali, mahali pasipolimika wala kujengeka. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya wajukuu nayo ikapotea kwa sehemu kubwa kwa matumizi mabaya. Fosfati ilipopungua, fedha zilikwisha, ardhi haikurudi.

Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya ardhi iliyoharibiwa kabla ya uhuru. Mwaka 1993 walipatana, na Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107. Basi ilionekana kwamba bei ya mbolea haikuwa imehesabu gharama yote.

4. Hesabu iliyo kamili

Jambo hili si la Nauru peke yake. Shaba ya Katanga ikichukuliwa haioti tena, na msitu uliokatwa hukawia kurudi. Kwa hiyo mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni za kuhesabu pia misitu, maji, udongo na madini, ili kila nchi ijue kilichopungua.

Maulizo

Ulizo: Pato la taifa linasahau nini?
Jibu: Linasahau kupunguza mali ya ardhi iliyokwisha au kuharibika.

Ulizo: Je, ni vibaya kuuza mali ng'ambo?
Jibu: Sivyo. Vibaya ni kuuza mti na kuuhesabu kama tunda.