Maji ya Kilimanjaro, umeme wa nani?

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Same kuzindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe. Katika hotuba yake aligusia jambo lililozua mjadala nchi nzima, kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia unaopitia Kenya, kwa sababu umeme unaozalishwa mbali hupotea mwingi njiani kabla ya kutufikia. Watu wakauliza: tumejenga wenyewe bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, iweje leo tununue kwa jirani?

Mimi ununuzi huo haukunishangaza. Umeme kupotea katika nyaya ndefu ni jambo la maumbile, halina chama. Kilichonifikirisha ni kwamba maji ya mradi uliokuwa ukizinduliwa siku ile yanavutwa kutoka Nyumba ya Mungu, na Nyumba ya Mungu ni bwawa la umeme. Lilijengwa miaka ya 1960. Mtambo wake ni mdogo, megawati 8 tu, lakini ndilo linalotunza maji ya kuendesha mitambo ya Hale, megawati 21, na New Pangani, megawati 68. Jumla ni megawati 97. Na bwawa hilo linajazwa na mito ya Kikuletwa na Ruvu (si ule Ruvu wa Bagamoyo), ambayo maji yake yanatoka Meru na Kilimanjaro.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunaoishi Moshi tuko juu ya chanzo. Je, sheria inamtambua vipi anayeishi kwenye chanzo?

Tuanze na sheria ya zamani kuliko zote. Kabla ya kuja Mjerumani, Wachagga walikuwa na mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kutoka juu kwenye msitu na kuteremshwa kwa kufuata migongo ya mlima mpaka kwenye vihamba. Ukoo uliochimba ndio uliokuwa na kauli. Kila mwenye kihamba alikuwa na zamu yake ya maji, na siku ya kusafisha mfongo asiyefika alitozwa. Huo ulikuwa ni udhibiti kamili, wenye kanuni, adhabu na mtu wa kumlalamikia, na mtu huyo ulimjua kwa jina na nyumbani kwake ukapajua.

Mwaka 1974 ikatungwa sheria ya kusimamia matumizi ya maji, ikayaweka maji yote ya nchi mikononi mwa Jamhuri. Tangu hapo mfongo wa babu ukawa unahitaji karatasi. Lakini karatasi hiyo haikumsumbua mtu sana mpaka miaka ya 1990, pale mtambo wa New Pangani ulipojengwa kwa fedha za Norway, Sweden na Finland. Aliyetoa fedha zake kujenga mtambo atataka uhakika kwamba maji yatafika, na mimi silaumu. Mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya bonde la Pangani, makao yake hapa hapa Moshi. Wakulima wakaambiwa wajiandikishe, wapate haki ya maji na walipe ada. Anayetumia maji alipe, ndiyo ikawa kanuni.

Wazee wengi wa mlimani walikataa, wakisema maji ni ya Mungu. Waislamu nasi tuna hadithi mashuhuri inayohusu ushirika wa watu katika maji, malisho na moto, na wengi wetu tumeisikia tangu madrasa. Lakini haifai kuichukua kijuujuu. Aliyechimba kisima au kuvuta bomba ana haki ya kulipwa kazi yake, na kinachokatazwa ni mmoja kuyahodhi maji akawanyima wenzake. Kwa hiyo ada yenyewe si dhulma. Hata TANESCO hulipa ada ya maji. La kuuliza ni hili: kinacholipwa na mwenye mtambo, kinamrudia nani?

Hapa ndipo ninapotaka tuwaangalie hao hao waliotusaidia kujenga. Norway umeme wake karibu wote ni wa maji, na mwanzoni mwa karne ya 20 matajiri wa nje walianza kununua maporomoko yake. Bunge lao likashtuka, likatunga sheria, na ile mashuhuri zaidi ni ya mwaka 1917. Kampuni binafsi ikapewa kibali cha muda, usiozidi miaka 60, na muda ukiisha mtambo unarudi serikalini bila fidia. Juu ya hapo, mwenye mtambo anatakiwa aipe halmashauri ya mahali maji yanapotoka mpaka asilimia 10 ya umeme kwa bei ya gharama, na kila mwaka alipe ada. Umeme huo halmashauri inaweza kuutumia au kuuuza sokoni, faida ikaingia katika mfuko wake. Kijiji cha bondeni kwao kinajenga shule kwa maji ya mto wake.

Sheria hiyo ilitikiswa na Ulaya yenyewe. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika soko lake kwa mkataba, na Juni 2007 mahakama ya EFTA ikaamua kwamba haki haitendeki ikiwa kampuni binafsi ina kibali cha miaka 60 na shirika la umma lina kibali kisicho na mwisho. Je, walisalimu amri wakawaachia wawekezaji? La hasha. Mwaka 2008 waliigeuza sheria, wakasema mitambo mikubwa ya maji ni lazima umma uwe na si chini ya theluthi mbili. Hukumu wakaitii na maporomoko wakabaki nayo.

Sasa turudi kwetu. Kanuni ya mtumiaji kulipa tuliletewa ikiwa nzima. Ile nusu ya pili, ya mwenye chanzo kupata fungu, ilibaki kwao. Na sisi hatukuiuliza.

Huku chini tukajengewa mdhibiti, EWURA, aliyeanza kazi mwaka 2006, ambaye hupanga bei ya umeme baada ya kusikiliza wananchi katika mikutano ya taftishi. Ni jambo zuri, lakini siasa hazikutoka mlangoni. Januari 2012 bei ilipandishwa kwa zaidi ya asilimia 40. Mwishoni mwa 2016 EWURA ikaidhinisha asilimia 8.5, na serikali ikaifuta kabla haijaanza kutumika. Wananchi tulishangilia, nami nikiwemo. Wala si Afrika peke yake, maana Ufaransa mwaka 2022 serikali iliweka ukomo wa asilimia 4 kwa kupanda kwa bei ya umeme wa majumbani. Lakini katika taftishi kinachojadiliwa ni bei ya uniti. Maji ya kuzungusha mtambo yana ofisi nyingine, wizara nyingine na sheria nyingine, ya mwaka 2009. Mama wa Kibosho ambaye mfongo wake umekauka hajui aende meza ipi.

Najua wapo watakaosema huu ni ukabila wa maji, kwamba bei ni moja nchi nzima ili na Kigoma nayo iwake. Hoja hiyo ina uzito, na mimi siombi umeme wa Moshi uwe rahisi kuliko wa Kigoma. Ninachotaka ni sehemu ya ada ambayo mitambo ya Pangani inalipa irudi juu, ikatengeneze mifereji inayovujisha, ikalinde chemchemi, ikapande miti. Maji yakipungua juu, Hale na New Pangani hazitazunguka, na ada ya kugawana haitakuwepo. Ada za maji hupangwa na waziri kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Madiwani na wabunge wa Kilimanjaro wanaweza kuanza na barua tu kwa waziri, kabla hata ya kuzungumzia sheria mpya.