Kwa Nini Mafuta Hayamng'ang'anii Samaki

Twaa sahani mbili za udongo zenye kung'aa, uzioshe kwa sabuni hata zisibaki na uto wowote. Moja uikaushe kabisa, ya pili uiache imelowa maji. Dondosha tone la mafuta ya kupikia juu ya kila moja, kisha uzitumbukize polepole katika beseni la maji. Katika sahani iliyolowa, tone litajikusanya, litabanduka na kuelea juu. Katika ile kavu, aghalabu litabaki limetandaa, wala halitatoka mpaka ulisugue. Sahani ni za namna moja na mafuta ni yale yale. Tofauti ni kwamba katika moja maji yalitangulia, na katika nyingine mafuta yalitangulia.

Kila aoshaye sufuria amelionja jambo hili. Chini ya maji, tone la mafuta haliji mahali patupu, bali hugombea nafasi na maji. Kitu kipendacho maji, kama kioo safi, huyashika maji na kuyasukuma mafuta mbali. Kitu kiyakataacho maji, kama nta, huyakaribisha mafuta. Hapa ndipo wengi hukosea. Tumezoea kuona matone ya mvua yakibingirika juu ya jani la jimbi, ambalo wengine huliita nduma, nasi tukadhani kwamba jani lisiloshikwa na maji halishikwi na kitu chochote. Sivyo. Jani hilo lina nta, na mafuta hulienea mara moja.

Mwaka 2009 wataalamu wa China, miongoni mwao Bwana Lei Jiang, walitangaza uchunguzi wao juu ya magamba ya samaki. Gamba hupenda maji, tena uso wake si laini kama uonekanavyo: una vinundu vilivyopangika, na juu ya hivyo vingine vidogo mno, visivyoonekana ila kwa darubini yenye nguvu. Maji hujaa kati ya vinundu hivyo yakatulia. Tone la mafuta likifika hugusa ncha chache tu, mfano wa mtumbwi uliopanda juu ya ncha za miamba, na maji tele chini yake. Wimbi dogo latosha kuuondoa. (Hii si kusema kwamba samaki hadhuriki, maana sumu ya mafuta humwingia kwa mashavu.)

Unyoya wa ndege ni kinyume chake. Umeumbwa kuyakataa maji ili ndege asipatwe na baridi, na kwa sababu hiyo hiyo hauna kinga mbele ya mafuta. Tarehe 23 Juni 2000, meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town, na mafuta yake yakawapaka pengwini wapatao 19,000 wa visiwa vya Robben na Dassen. Manyoya yakigandamana, maji ya baridi hufika ngozini, na ndege hawezi tena kwenda baharini kutafuta chakula. Maelfu ya watu walijitolea, wakawaosha ndege hao mmoja mmoja. Sabuni huyawezesha maji kupenya kati ya unyoya na mafuta, hata mafuta yakajiviringa na kuachia. Wengi sana waliokolewa, lakini kazi ilikuwa nzito.

Basi, je, binadamu aweza kuyaamuru mafuta yashike au yaachie? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 2011 wataalamu wa China walieleza wavu wa chuma uliopakwa haidrojeli, yaani kitu cha utelezi kinywacho maji mengi bila kuyeyuka. Ukimimina maji yaliyochanganyika na mafuta, maji hupita chini kwa uzito wake, nayo mafuta hubaki juu. Iko pia haidrojeli ibadilikayo kwa joto: chini ya digrii 32 hivi za sentigredi hujaa maji, na tone la mafuta huteleza, joto likizidi hapo husinyaa na kuyatoa maji yake, na tone likanata.

Lakini wavu wa namna hii una sharti moja: lazima uloweshwe kwa maji safi kabla ya kazi. Ukiachwa ukakauka, na mafuta yakawa ya kwanza kuugusa, matundu huziba, na itabidi uoshwe kama sahani ile kavu.