Mpanda farasi mzito ana haki gani?

Swali: Nina kilo 90. Katika mbio za farasi za masafa marefu huku California napambana na watu wa kilo 55. Haki iko wapi?

Jibu: Iko, ila si kwenye saa. Atakayefika wa kwanza ndiye mshindi, awe na uzito wowote. Lakini chama cha Marekani cha mbio hizo, AERC, hugawa wapanda farasi kwa madaraja, na anayepimwa ni mtu pamoja na tandiko lake. Ukivuka kilo 96 hivi, umeingia daraja la wazito. Utamu zaidi uko kwenye tuzo ya farasi aliyemaliza akiwa na afya bora: daktari hutoa hadi alama 500, muda 200, uzito 100. Mzito kuliko wote huzoa zote 100, na kila ratili mbili pungufu ni alama moja chini. Kwa matandiko yanayolingana, mwenzako wa kilo 55 anakupa takriban alama 38 za bure!

Mashindano ya dunia ya wakubwa hudai angalau kilo 75 pamoja na tandiko, na mwepesi hujazia kwa vipande vya madini ya risasi. Mimi sipendi. Risasi haifuati mwendo wa farasi, na anayeumia si aliyelalamika.

Uchunguzi wa miaka ya 1990 katika Tevis Cup, maili 100 za milimani, ulionyesha kuwa unono wa farasi ulihusiana zaidi na kumaliza kuliko uzito wa mpandaji. Farasi waliokonda ndio waliokwama zaidi. Basi mlishe wako vizuri, na kwenye miteremko shuka ukimbie naye, kanuni zinaruhusu.