Wimbo wa Kwaya Kwenye Simu: Upakue kwa Ubora Gani?



Vijana wenzangu, leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakibonyeza bila hata kukisoma: pale unapoulizwa unataka wimbo wa ubora gani kabla hujaupakua. 64, 128, 192, 320. Kuna wanaochagua namba kubwa kwa sababu ni kubwa, na kuna wanaochagua ndogo kwa sababu bando linaelekea kuisha. Kama unataka wimbo wa kusikiliza juu ya bodaboda, chagua unavyotaka, hutaona tofauti. Kwa mwanakwaya ni habari nyingine kabisa.

Huku kwetu Mtawanya, wilayani Kibiti, Wakatoliki ni wachache. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwaya ya kigango ni watu wa kuhesabika. Mwalimu anayesoma nota hatuna kila siku, kwa hiyo simu ndiyo mwalimu. Mmoja anaupata wimbo mpya, anawarushia wenzake, kila mtu anajitafutia sauti yake mle ndani: ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Sasa kama faili limebanwa mpaka sauti ya pili imezama, hao wa sauti ya pili watajifunza nini? Watafuata sauti ya kwanza, na pakiwa juu sana watashuka wanavyojua wenyewe. Ukisikia kwaya ya kijijini inaimba sauti mbili badala ya nne, usikimbilie kusema hawana vipaji. Uliza kwanza walijifunzia wapi.

Mtume Paulo aliligusa jambo hili katika Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 14, mstari wa 7 na wa 8. Anatoa mfano wa filimbi na kinubi: kama sauti zake hazitofautiani, msikilizaji atajuaje kinachopigwa? Na tarumbeta ikitoa sauti isiyoeleweka, nani atajiandaa kwa vita? Paulo alikuwa anazungumzia karama ya lugha, sio MP3, lakini hoja yake ni hiyohiyo. Sauti ipo ili ieleweke, kusudi wengine wajengwe.

Tuje kwenye namba zenyewe. Kbps ni kilobiti kwa sekunde, yaani kiasi cha taarifa kinachotumika kuieleza kila sekunde ya wimbo. CD ya kawaida inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, kushoto na kulia, na hesabu yake inafika kbps 1,411. Wimbo wa dakika tano kwa kiwango hicho ni karibu MB 53. Ukiuweka kwenye MP3 ya 320 unakuwa MB 12. Kwa 192 ni MB 7 na kidogo, kwa 128 ni karibu MB 5, kwa 64 ni MB 2 na nusu hivi. Albamu ya nyimbo kumi na mbili za urefu huo itakula kama MB 58 kwa 128, na MB 144 kwa 320. Hapo ndipo bando linapokuja na maswali yake. Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, anamsema mjenzi wa mnara anayekaa kwanza akahesabu gharama, kwa hiyo kuhesabu MB si ubahili.

Sasa hizo MB zilizopungua zimeenda wapi? MP3, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa na wataalamu wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, inatupa zile sauti ambazo sikio la mtu haliwezi kuzikamata vizuri, kwa mfano sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa iliyo jirani yake. Ukiipa nafasi ya kutosha, inatupa vitu ambavyo hutavikumbuka. Ukiibana sana, inaanza kutupa na vinavyohitajika. Mmoja wa wataalamu hao, Karlheinz Brandenburg, alipokuwa anaijaribu alitumia wimbo wa Suzanne Vega unaoitwa Tom's Diner, ambao ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala yoyote. Mwanzoni sauti hiyo iliharibika vibaya. Mimi jambo hili linanifundisha kitu: sauti ya binadamu ikiwa peke yake haina mahali pa kujificha, kila dosari inasikika. Na sisi tunaimba nyimbo ngapi bila kinanda?

Kwenye 64 utasikia mambo mawili haraka. Kayamba na manyanga yanageuka kama maji yanayochemka. Halafu herufi za “s” na “sh” zinafifia, maneno yanakosa makali. Kwa kujifunzia, achana na 64. Ibaki ya mahubiri na masomo, mtu mmoja anaongea. Hapo inatosha kabisa na inaokoa bando.

128 ni ya kusikiliza kawaida kwenye simu: unasali rozari yako, unapika, uko safarini kwenda Dar. Ya kujifunzia sauti nne naipendekeza kuanzia 192, na kama kwaya inachangishana bando, mmoja apakue 320 kisha awarushie wenzake kwa Bluetooth au kwa memori kadi. Kunakili faili hakupunguzi ubora hata chembe. Kinachopunguza ni kuliweka wimbo kwenye spika na kuurekodi upya kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hapo umebana kilichokwisha kubanwa, na umeongeza kuku wa jirani juu yake.

WAV na FLAC? FLAC inapunguza ukubwa bila kutupa kitu, ila bado ni nzito, mara nyingi nusu hivi ya CD au zaidi. Kama kwaya yenu imerekodi studio, ombeni faili hilo muweke akiba mahali salama, maana MP3 nyingine zote mtazitoa humo. Kulijaza kila simu ni kupoteza nafasi.

Kuna udanganyifu mmoja nauona sana kwa vijana. Mtu anachukua video ya YouTube, anaipitisha kwenye tovuti za kugeuza kuwa MP3, anachagua 320 na kujisifu ana ubora wa juu. Jamani, sauti ya kawaida ya YouTube inacheza kwenye kbps 128 mpaka 160 hivi. Kuigeuza iwe 320 ni kumwaga chai ya kikombe ndani ya ndoo: chombo kimekua, chai ni ileile. Kilichotupwa hakirudi. Ulichoongeza ni MB tu, na umebana mara ya pili.

Na hapo kuna suala lingine, zito kuliko ubora. Kwaya iliyolipia studio na mtunzi aliyekesha na kazi yake wana haki yao, na amri ya saba haina kifungu kinachosamehe nyimbo za dini. Hata sheria ya Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inawalinda. Zipo njia halali. Tovuti ya Swahili Music Notes inajulikana na wanakwaya wengi Wakatoliki kwa nota zake, na baadhi ya nyimbo zina sauti humohumo. Ukiwa na nota mkononi, hata 128 inakusaidia zaidi ya 320 isiyo na nota. Ukitaka kusambaza wimbo kwa kwaya nzima, waandikie wenye wimbo uwaombe. Wengi wanafurahi kuimbwa.

Wanaotumia Spotify, fahamuni kwamba kwenye mipangilio kuna 96, 160 na 320, na kupakua nyimbo mojamoja unazozitaka kunahitaji kulipia. Faili hilo halitoki nje ya programu, na usipoingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 linafungwa. Kwa anayekwenda kukaa muda mrefu visiwa vya delta, ambako mtandao ni wa kubahatisha, MP3 uliyoinunua ni ya uhakika zaidi.

Wanaoimba besi, nina neno lenu. Mnalalamika kwamba sauti yenu haisikiki, mnalaumu faili. Mara nyingi kosa ni spika ya simu: ni ndogo mno kuweza kutoa sauti za chini, hata ukiwekewa CD yenyewe. Vaeni hedifoni, hata za bei ndogo, au chomekeni simu kwenye redio kubwa. Mtashangaa besi ilikuwepo muda wote. Bila hilo, hizo MB za 320 mmezitupa mtoni.

Mwisho wa matumizi yake ni mazoezi na sala binafsi. Najua mahali ambapo kwaya ikikosa watu, mtu anapendekeza wimbo uchezwe kwenye spika wakati wa Misa. Maelekezo ya Vatikano kuhusu muziki mtakatifu ya tarehe 3 Septemba 1958 yalikataza vyombo vya kucheza rekodi kushika nafasi ya waimbaji katika liturujia. Watu watatu wakiimba kwa kukwamakwama, hao wanasali. Spika haisali.

Kabla hamjaanza kujifunza wimbo mpya, fanyeni jaribio hili, ni la dakika kumi. Wawili wakae mbalimbali, kila mmoja asikilize faili na kuandika maneno anayoyasikia. Kisha walinganishe karatasi zao, na kama wimbo ni Zaburi, wafungue Biblia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 121, unataka maneno ya nyimbo yakubaliane na mafundisho ya Kanisa na yachotwe hasa katika Maandiko na vyanzo vya liturujia. Neno moja lililosikika vibaya linaweza kuimbwa kigangoni miaka kumi bila mtu kustuka. Karatasi zikipishana, tafuteni nakala iliyo wazi zaidi, au nota, kabla ya mazoezi ya kwanza.