Mhamishaji ni nani kwenye hati ya kiwanja?

Wakili, aliyeniuzia kiwanja ni "muuzaji" kwenye mkataba, lakini kwenye fomu za ardhi ni "mhamishaji". Ni watu wawili?

Ni huyo huyo. Mkataba unamwita muuzaji kwa kuwa amepokea fedha. Hati ya uhamisho inatazama kitendo: haki imetoka kwake imekwenda kwako, mhamishiwa. Mzazi anayempa mwanawe kiwanja bure hajauza kitu, lakini naye ni mhamishaji.

Kwani anachohamisha si ardhi?

Hapo ndipo wengi huteleza. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa, usiozidi miaka 99, na anachoweza kukupa ni muda uliobaki. Hati ya miaka 33 iliyoanza 2000, ukiinunua 2025, umenunua minane. Nimeona wateja wakigonga kuta na kupima kina cha kisima, tarehe ya hati hawana habari nayo.

Nitajuaje kama haki anayo?

Mkague mtu kabla ya kiwanja. Omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina lililo kwenye rejista na kama kuna rehani ya benki au zuio. Likiwa jina la marehemu baba yake, dai barua ya usimamizi wa mirathi. Kuwa kifungua mimba si cheo cha kisheria.

Kisha uliza habari za mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake, hata kama hati ina jina moja. "Mama watoto kasafiri" nimeisikia mara nyingi mno. Basi arudi kwanza.

Tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, muhuri upo, mashahidi wanne. Haitoshi?

Ni ushahidi kwamba mlipatana. Kwa kiwanja chenye hati, haki huhama uhamisho unaposajiliwa. Kabla ya hapo rejista inamtambua yeye, na akifariki kesho utaanza kujieleza upya mbele ya warithi ambao hata siku ya kuhesabu fedha hawakuwepo.